Mita Sitini Kutoka Wapi?

Mwezi wa nane mwaka juzi walikuja watu watatu kijijini kwetu Murungu, wilayani Kibondo, wakiwa na futi kamba na kopo la rangi nyekundu. Walishuka bondeni mpaka kwenye chemchemi tunayochota maji. Mmoja akashika mwanzo wa kamba pale jicho la maji linapotokea, mwenzake akatembea nayo kuelekea kwenye shamba la mama mkubwa. Kamba ilikuwa ya mita thelathini, kwa hiyo walipima mara mbili. Mara ya pili ilivuka shamba lote na kufika kwenye njia ya miguu. Wakapaka rangi kwenye jiwe, wakaandika jina lake kwenye daftari, wakamwambia ang'oe maharage yake ndani ya wiki mbili, la sivyo atalipa faini.

Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Huku kwetu mvua zinakoma mwezi wa nne au wa tano, na kuanzia hapo mpaka zinaporudi mwezi wa kumi na moja, kitu kibichi kinaota bondeni tu, penye unyevu. Anayelima bondeni mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ni yule ambaye huko juu hana ardhi ya kumtosha. Mama mkubwa ni mjane. Shamba lake la bondeni halifiki robo ekari. Ndilo linalompa mboga, mbegu ya msimu ujao, na debe moja au mawili ya kuuza gulioni.

Hakubisha. Aliuliza swali moja tu: "Baba, hizo mita sitini mnazipima kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye maji, mama," akajibiwa.

Akanyoosha mkono kuelekea mlimani, nyuma ya nyumba zetu. "Maji yanatoka kule," akasema.

Wale vijana wakacheka, si kwa ubaya, kama unavyocheka bibi yako anaposema jambo la kizamani. Kisha wakaendelea na kazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na dumu langu, na nilicheka pia. Leo naona haya kwa kicheko kile. Mama mkubwa alikuwa amesema kwa maneno matatu kitu ambacho sheria zetu, semina zetu na mabango yetu ya "Tunza Vyanzo vya Maji" havijataka kukisikia kwa miaka ishirini.

Tuanze na sheria yenyewe, maana sitaki kuionea. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita sitini kutoka kingo za mto, ufukwe wa ziwa au bahari, au kingo za bwawa. Miaka mitano baadaye ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, iliyoweka msingi wa bodi za maji za mabonde, vibali vya matumizi ya maji, jumuiya za watumia maji, na uwezo wa kutangaza maeneo tengefu ya vyanzo. Sisi wa Kibondo na Kasulu tumo katika Bonde la Ziwa Tanganyika, moja ya mabonde tisa ya nchi hii. Karatasi ziko sawa. Anayezisoma ofisini ataona nchi iliyokwisha kujipanga.

Lakini katika sheria yote hiyo, kitu kilichofika Murungu ni namba moja: sitini. Namba ni rahisi kubeba. Haihitaji kujua mwamba, udongo, mteremko wala mvua. Inahitaji futi kamba. Mtu anaweza kushuka kwenye gari saa nne asubuhi, akapima, akapaka rangi, akaandika majina kumi, na saa nane mchana akawa njiani kurudi na taarifa kwamba chanzo kimehifadhiwa.

Chemchemi haikuhifadhiwa. Kilichohifadhiwa ni mahali inapotokea.

Kila mtu aliyekulia milima hii anajua jinsi inavyokuwa. Mvua ya mwezi wa kumi na mbili ikinyesha juu ya kilima chenye miti, majani makavu na nyasi, inapokewa. Tone linapiga jani, linateremka kwenye shina, linaingia kwenye takataka za msituni, linapita katika matundu ya mizizi na mchwa, linazama. Linatembea chini ya ardhi polepole, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. Maji tunayochota mwezi wa tisa, wakati anga lina vumbi na moshi wa moto wa porini, ni mvua ya msimu uliopita iliyokuwa bado njiani. Kilima kile kile kikiwa uchi, udongo wake umeshindiliwa na kwato na jua, mvua ile ile haizami. Inateleza juu, inabeba udongo mwekundu, inafika kijitoni kwa saa moja, inapita, inakwenda zake. Tunapata mafuriko ya Januari na ukame wa Septemba kutoka kwenye mvua moja. Watu wanasema mvua zimepungua. Pengine miaka mingine zimepungua kweli. Lakini mara nyingi mvua ilikuja na haikukuta mahali pa kukaa.

Kwa hiyo chemchemi inayotokea bondeni imekusanywa mlimani, nusu kilomita, kilomita moja, wakati mwingine mbali zaidi. Ukiweka mita sitini za miti kuzunguka jicho la maji na kuacha kilima juu yake kikatwe, umefanana na mtu anayefunga mlango wa ghala kwa kufuli kubwa wakati ukuta wa nyuma umebomolewa. Na ukipanda mikaratusi ndani ya hizo mita sitini, kama ilivyofanywa katika vijiji vingi kwa sababu inaota haraka na inapendeza kwenye picha ya siku ya upandaji miti, umeweka mnywaji mkubwa mlangoni pa ghala.

Sasa nifike mahali ambapo naona uzito kufika. Kilima kile alichokionyesha mama mkubwa kwa mkono kina shamba la ekari nne, karibu na kileleni, moja kwa moja juu ya chemchemi. Shamba hilo lilifyekwa na baba yangu. Alilifyeka kwa ajili ya tumbaku, mimi nikiwa darasa la nne. Alipata mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, kama wenzake, na kama wenzake alijenga bani la kukaushia. Bani linakula kuni. Kila msimu tulikata miti ya kilimani, kwanza iliyokuwa shambani, kisha iliyokuwa pembeni, kisha iliyokuwa nyuma ya pembeni. Mimi mwenyewe nilibeba magogo. Tumbaku ile ndiyo iliyolipa ada yangu ya sekondari. Ninaandika haya kwa sababu ya miti ile.

Hakuna aliyewahi kuja na futi kamba kwa baba. Shamba lake liko mbali na maji. Kwa kipimo cha sitini, baba ni mhifadhi. Aliyeandikwa kwenye daftari ni shemeji yake mwenye maharage. Wale vijana walipita kando ya shamba la baba wakiteremka bondeni, na wakarudi kupitia hapo hapo, na mmoja wao aliomba maji ya kunywa nyumbani kwetu.

Simlaumu baba zaidi ya ninavyojilaumu mimi. Ninachosema ni kwamba kipimo kinachomwona mwanamke mwenye robo ekari ya maharage kuwa mharibifu, na kisimwone mwanamume mwenye ekari nne za tumbaku na bani, kinapima unyonge, hakipimi madhara. Wa bondeni anaonekana. Yuko karibu na bomba, karibu na njia, hana wa kumsemea, na mazao yake yanang'oleka kwa mkono. Wa mlimani ana mkataba, ana mkopo unaodaiwa, ana chama. Juu yake zaidi kuna mwenye mkaa, mwenye ng'ombe mia mbili, mwenye kibali cha kuvuna mbao. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo wanavyokuwa wakubwa, na ndivyo futi kamba inavyokuwa fupi.

Nchi hii imeshawahi kufanya kosa hili kwa kiwango kikubwa, na ingefaa tujifunze. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993. Mwaka 2006, mabwawa yakiwa yamepungua na nchi ikiwa katika mgao wa umeme, serikali ilitoa mkakati wa hatua za haraka juu ya uharibifu wa ardhi na vyanzo vya maji. Wafugaji walioonekana katika ardhi oevu ya Ihefu, bonde la Usangu, wakaondolewa pamoja na mifugo yao mwaka 2006 na 2007. Wengi wakasukumwa mpaka Lindi. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watafiti waliofanya kazi Usangu kwa miaka walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji ya kiangazi ilichepushwa na mifereji ya mashamba ya mpunga huko juu, kabla haijafika Ihefu. Ng'ombe walionekana, mifereji haikuonekana. Wafugaji waliondoka, na mto haukuacha kukauka.

Rudi kwetu sasa. Ni nani aliyeamua watu wa milima hii wakae wapi na walime wapi? Si mama mkubwa.

Kabla ya ukoloni, Buha ilikuwa na watu walioitwa abateko. Mwanahistoria Michele Wagner ameandika habari zao. Mbali na wami waliotawala watu, abateko walikuwa wapatanishi kati ya watu na mahali: mlima, mto, pori, na nguvu zilizoaminiwa kukaa humo. Siombi warudi, na sijui kama ningependa kuishi chini yao. Nawataja kwa sababu ya jambo moja. Kwao mahali palikuwa na haki ya kuulizwa kabla ya mtu kupaingia. Swali la kwanza lilikuwa juu ya mahali, la pili juu ya mtu.

Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya Waha wengi katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Watu waliacha maeneo waliyoyajua, wakapangwa mahali palipoonekana salama dhidi ya mbung'o. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Wazee wetu wakahamishwa tena, safari hii kwenda vijiji vya ujamaa, nyumba kwa mstari, karibu na barabara ili shule, zahanati na lori la mazao viwafikie. Shule ni kitu kizuri, nimesoma humo. Lakini kijiji kilichopangwa kwa kufuata barabara kilikusanya mamia ya kaya, na kuni zao, na mashamba yao, juu ya vilima vichache na chemchemi chache zilizokuwa zikihudumia familia zilizotawanyika.

Kisha wakaja wakimbizi. Baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, na baada ya vita vya Kongo kuanzia 1996, wilaya za Kibondo na Kasulu zilipokea watu kwa mamia ya maelfu: Mtendeli, Kanembwa, Nduta, Karago, Mtabila, Nyarugusu. Baadhi ya kambi zilifungwa, na mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena Nduta ikafunguliwa upya. Nyarugusu peke yake imekuwa na watu zaidi ya laki moja, mji mzima uliowekwa katikati ya miombo, ukipika kwa kuni kila siku. Nimesikia watu wa kwetu wakisema wakimbizi ndio waliomaliza misitu. Hilo nalikataa. Mtu aliyekimbia na watoto wawili na sufuria moja hakuchagua kambi ijengwe wapi. Aliyechagua alikuwa na ramani, na gari, na muda wa kufikiri. Kama mji wa watu laki moja umepewa unga na maharage bila kupewa kitu cha kuyaivishia, aliyeutuma msituni ni yule aliyegawa unga.

Na juzi juzi, mwaka 2017, baada ya ugomvi wa miaka mingi kati ya wanavijiji wa Kasulu na hifadhi, sehemu ya Msitu wa Hifadhi wa Makere Kusini iliachiwa wananchi walime. Sitasema walistahili kunyimwa. Njaa ya ardhi Kasulu ni ya kweli, na watu walikuwa wamepigwa na kuchomewa vibanda. Lakini katika mabishano yote niliyoyasikia, redioni na vijiweni, swali lilikuwa nani apate, hifadhi au mwananchi. Sikusikia mtu akiuliza msitu ule unalisha mito gani, na ni vilima vipi ndani yake vingeachwa ili hao hao waliopewa mashamba wawe na maji ya kunywa baada ya miaka kumi.

Huo ndio mfululizo ninaotaka uuone, msomaji. Malale, ujamaa, kambi, tumbaku, ugawaji. Kila mara ardhi ya juu ilipangwa na mwenye nguvu kwa sababu iliyokuwa na maana kwa wakati wake, na maji hayakuwa na kiti katika kikao hicho. Kisha, chemchemi zilipoanza kupungua, tukateremka bondeni na futi kamba kumtafuta mkosaji.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba bila mita sitini watu wangelima mpaka kwenye jicho lenyewe la maji. Ni kweli. Nimeona chemchemi iliyozungukwa na tuta za viazi mpaka mtu akichota anakanyaga majani yake. Nimeona watu wakifyatua matofali kwenye ukingo wa kijito mpaka ukingo ukaporomoka. Nimeona mabomba ya dawa za nyanya yakioshwa ndani ya maji ambayo mtoto atayanywa jioni. Mambo hayo yakomeshwe, na mama mkubwa mwenyewe angekuwa wa kwanza kuyakemea. Siombi kifungu cha 57 kifutwe. Nasema kwamba kimegeuzwa kuwa kazi yote, wakati ni mwanzo wa kazi, na kwamba kinapotumika peke yake kinamwadhibu aliye karibu na kumwacha aliye na madhara.

Nitaambiwa pia kwamba kilima hakipimiki, kwamba huwezi kumwambia kila mtu mwenye shamba mlimani aondoke. Hapana, huwezi, na hupaswi. Kilima cha maji si lazima kiwe pori tupu. Kinaweza kulimwa kwa makinga maji yanayofuata mteremko, kwa matuta, kwa kahawa chini ya kivuli kama wanavyolima wenzetu wa Buhigwe na nyanda za juu za Kasulu, kwa mizinga ya nyuki, ambayo Waha hawahitaji kufundishwa na mtu. Kilele na miteremko mikali vinabaki na miti ya asili. Kinachokatazwa ni kuacha ardhi uchi, kuichoma kila mwaka, na kuipanda zao ambalo haliwezi kukaushwa bila kumaliza msitu wa jirani. Hayo yote yanajulikana. Mabwana shamba wanayajua. Hayafanyiki kwa sababu yana gharama, na mpaka leo hakuna aliyesema gharama hiyo ni ya nani.

Nilijaribu. Baada ya maharage yale kung'olewa nilikwenda kwa baba, nikamwambia tuuache mteremko wa juu wa shamba letu, tupande miti ya asili, tulime ekari mbili za chini kwa makinga maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Baba ni mtu wa kusikiliza. Kisha akaniuliza: "Hizo ekari mbili za juu zinanipa magunia ya mahindi na mihogo ya mwaka. Nikiziacha, maji watakunywa watu wote wa bondeni mpaka Uvinza. Mimi utanilipa nini?"

Sikuwa na jibu. Nadhani ni swali bora kuliko yote niliyoyasikia juu ya vyanzo vya maji, na si la ubinafsi. Kijito chetu kinaingia Malagarasi. Malagarasi, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, unapita katika ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, zaidi ya hekta milioni tatu, iliyoorodheshwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar. Humo wanaishi nzohe na ndege ambao watu hulipa kuja kuwatazama, na humo wavuvi wanapata samaki. Ukitoka humo unakwenda Uvinza, na chini ya Uvinza, kwenye maporomoko ya Igamba, upo mradi wa umeme wa megawati 49.5. Kila mmoja huko chini ana matumizi ya maji yanayozama au yasiyozama juu ya shamba la baba yangu. Wote wamo kwenye mipango ya maendeleo. Baba hayumo, isipokuwa kama mtu wa kuhamasishwa.

Kumlipa mtu wa juu si ndoto. Jiji la New York lilikubaliana mwaka 1997 na jamii za milima linakotoa maji yake kwamba jiji lingegharamia kilimo safi na ulinzi wa ardhi huko juu, badala ya kujenga mtambo wa kuchuja ambao ungegharimu mabilioni ya dola. Huku kwetu, wakulima wa Kibungo katika milima ya Uluguru walilipwa kwa kutengeneza matuta na kupanda miti ili Mto Ruvu usijae matope, na waliolipa ni watumiaji wa chini, wakiwamo DAWASCO na kiwanda cha soda cha Dar es Salaam. Mradi ulikuwa mdogo na wa mashirika, lakini ulithibitisha kwamba hesabu inawezekana kwa shilingi na kwa Kiswahili. Nairobi nayo mwaka 2015 ilianzisha mfuko wa maji kwa ajili ya wakulima wa Tana ya juu. Bodi zetu za mabonde zinakusanya ada za matumizi ya maji. Sehemu ya ada hiyo irudi mlimani, ifike kwa mtu, na iandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji: fulani, ekari kadhaa, ameacha mteremko, amelipwa kiasi hiki. Siku mitambo ya Igamba itakapozunguka, katika kila bili ya umeme kuwe na kitu kidogo cha kilima.

Basi ninachodai ni mambo matatu, na nayadai kwa mpangilio huu.

La kwanza, kila kijiji kinapofanya mpango wa matumizi bora ya ardhi, ramani ianze na maji. Kabla ya kuchora makazi, malisho, mashamba na eneo la soko, ichorwe kila chemchemi, kila kijito, na kila kilima kinachokilisha. Wazee na wanawake wanaochota maji wapande mlima pamoja na mtaalamu. Wao wanajua ni chemchemi ipi ilikauka kilima kipi kilipokatwa. Kisha mengine yote yapangwe kuzunguka hapo. Kambi, mashamba makubwa, mikataba ya tumbaku, vibali vya mkaa na mbao, vyote vipimwe kwa ramani hiyo, na vinavyoangukia kwenye kilima cha maji visitolewe.

La pili, adhabu ianzie juu. Kabla mtu hajang'olewa maharage, taarifa ionyeshe kwamba mwenye ekari nyingi na mwenye kibali kikubwa katika kilima hicho ameshahojiwa. Kama hakuhojiwa, rangi nyekundu ibaki kwenye kopo.

La tatu, anayeambiwa aache apewe pa kwenda au kitu cha kuishi nacho. Hilo ni kwa mama mkubwa na kwa baba pia. Anayeng'olewa bila mbadala atarudi usiku, na nisingemlaumu.

Mama mkubwa aling'oa maharage yake siku ya kumi na tatu. Alitaka kumaliza kabla hawajarudi, na hawakurudi. Mahali pale sasa pana magugu na jiwe lenye rangi iliyoanza kufifia. Mwaka jana mwezi wa kumi tulikaa kwenye foleni kuanzia alfajiri, kwa sababu chemchemi inatoa uzi mwembamba, na dumu la lita ishirini linajaa mpaka mtu anasinzia. Akiwa msichana, anasema, ulikuwa unaweka ndoo na kuitoa. Mita sitini zilikuwa wazi kabisa siku hiyo, safi, bila mmea wa maharage hata mmoja, na juu ya vichwa vyetu kilima kilikuwa chekundu mpaka kileleni.

Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa nimeomba nafasi ya kusema. Nitataja ekari nne za kwetu kwanza, baba akiwa amekaa pale pale, kwa sababu siwezi kuanza na za mtu mwingine. Baba anajua. Amesema atakuja, na kwamba atauliza tena swali lake mbele ya watu wote, na kwamba safari hii ni afadhali awepo mtu wa kulijibu.